Moja-Mbili na Mihadhara ya Jumatano

Kwa miaka kumi na tisa, hakuna profesa aliyesimama kwenye jukwaa la Ukumbi Mkubwa wa chuo kabla ya mtu mmoja kumtangulia. Mtu huyo hakuwa na shahada wala joho. Alipanda ngazi tatu za jukwaa akiwa na bisibisi mfukoni, akapuliza kipaza sauti, akasema, "Moja, mbili. Moja, mbili," akasikiliza sauti yake ikigonga ukuta wa nyuma na kurudi, kisha akashuka kwenda kujifungia katika chumba chake cha mitambo, kilichokuwa pembeni na kuwa na dirisha dogo la kioo. Kazi yake ilikuwa fundi wa sauti, na jina lake lilikuwa limesahaulika kiasi kwamba barua yake ya kupandishwa daraja iliandikwa "Ndugu Moja-Mbili". Alikwenda kulalamika, karani akamwambia barua nyingine itachukua miezi sita, naye akaipokea hiyo hiyo.

Chuo kilikuwa na utaratibu wake. Kila aliyepewa uprofesa ilibidi asimame mbele ya umma siku ya Jumatano, saa kumi alasiri, aeleze kwa muda wa saa moja ni kitu gani hasa amekuwa akikifanya miaka yote hiyo. Langoni kilitundikwa kitambaa chenye maandishi makubwa: WOTE MNAKARIBISHWA. Waliofika walikuwa ni mkuu wa idara, marafiki wawili wa profesa, wanafunzi waliolazimishwa kusaini mahudhurio, na mstari wa mbele familia ya profesa mwenyewe, imevaa vizuri na haielewi kitu. Umma ulikuwa watu kama sita hivi wa mitaa ya jirani, na wawili kati yao walikuja kwa sababu ukumbi ulikuwa na feni.

Moja-Mbili ndiye aliyesikiliza. Asingeweza kukwepa, maana kazi ilimtaka avae hedifoni tangu salamu hadi shukrani. Lakini ukweli ni kwamba alipenda. Shule aliiachia kidato cha pili, baba yake alipofariki, na tangu hapo alikuwa na njaa fulani ambayo chakula hakiigusi. Alisikiliza habari za udongo, za nyota, za meno ya sungura. Alisikiliza mfumuko wa bei mara tatu, kwa maprofesa watatu ambao hawakukubaliana hata ulianza lini. Alimsikiliza profesa wa lugha aliyezungumza saa nzima juu ya kiambishi kimoja, na akarudi nyumbani akikitafuta kiambishi hicho kwenye vibao vya maduka njia nzima.

Mke wake alikuwa fundi cherehani. Chumba chake cha kushonea kilitazama barabara, na mbele yake palikuwa na kibaraza chenye mabenchi mawili, ambapo wateja walingoja nguo zilizoahidiwa kuwa tayari tangu jana. Alhamisi moja Moja-Mbili, akiwa mapumzikoni, alikuwa amekaa hapo akimkatia mkewe nyuzi.

"Jana wamesema nini huko kwenu?" mkewe aliuliza bila kuinua macho. Aliuliza kama mtu anavyouliza habari za mvua.

"Jana ilikuwa mchwa," alisema Moja-Mbili, na akaanza kusimulia. Alisimulia jinsi malkia wa mchwa anavyofungwa kwenye chumba kimoja maisha yake yote, mwili umefura hata hawezi kutembea, kazi yake kutaga mayai maelfu kwa siku, na wafanyakazi wanamlisha, wanamfuta, wanamgeuza. Alipofika hapo mama mmoja aliyekuwa akingoja gauni la kipaimara la bintiye alisogea karibu.

"Shemeji, hebu rudia hapo kwa malkia. Mumewe yuko wapi wakati wote huo?"

"Yuko naye humo humo chumbani."

"Na anafanya nini?"

"Profesa hakueleza vizuri."

"Basi ni mume kweli," alisema yule mama, na kibaraza kizima kikavunjika mbavu.

Wiki iliyofuata mama yule alirudi, ingawa gauni alikuwa ameshalichukua, na alikuja na dada yake. Baada ya miezi miwili, saa kumi na moja ya Alhamisi ilikuwa inajulikana mtaani kote. Mabenchi mawili yakawa manne. Fundi viatu wa upande wa pili wa barabara alihamisha kigoda chake na kushonea viatu pale pale. Muuguzi mmoja mstaafu, mama mkavu mwenye miwani ya kamba, ambaye alikuwa mmoja wa wale watu sita waliokuwa wakifika ukumbini, aliacha kwenda Jumatano. Alisema kule ukumbini profesa humeza maneno, na kibarazani akitaka kuuliza haambiwi aandike swali kwenye karatasi.

Moja-Mbili hakuwa mtu wa mbwembwe. Alikaa kwenye stuli, mikono kati ya magoti, akasimulia kwa sauti ile ile ya kuomba mkasi. Mhadhara wa saa moja aliumaliza kwa dakika kumi. Palipokuwa na jina la Kilatini alisema "jina lake refu", na palipokuwa na jedwali alisema "hapo alituonyesha namba, na namba zilikuwa zinashuka". Alhamisi aliyosimulia mhadhara wa profesa wa mifupa, aliwaambia kwamba mtu anayeinama kazini miaka mingi hujiharibia shingo, na kwamba dawa yake ni kuinua kazi ifike kwenye viwiko, badala ya kushusha kichwa kiifuate kazi. Mkewe, aliyekuwa akiugua shingo kwa miaka minane, kesho yake aliinua meza ya cherehani kwa matofali manne. Baada ya mwezi, shingo ilikuwa imetulia. Fundi viatu naye akainua ubao wake. Mafundi cherehani watano wa mtaa wa pili walikuja kupima urefu wa matofali kwa futi kamba, na matofali yakaadimika kwenye nyumba iliyokuwa ikijengwa karibu.

Huku kibarazani mambo yakinoga, ukumbini yalikuwa yanakwenda mrama. Profesa wa sheria za maji alizungumza mbele ya watu kumi na mmoja, na watatu kati yao walikuwa wanangoja kufunga milango. Makamu Mkuu wa Chuo alikasirika. Iliundwa kamati. Kamati ilikaa vikao vitano, na katika kikao cha tano iliamua kwamba ni lazima ufanyike utafiti kujua kwa nini umma haupendi maarifa. Kazi alipewa profesa wa mawasiliano, mwanamke wa makamo mwenye hatua za haraka, naye akatawanya dodoso lenye maswali sitini na manne katika mitaa yote ya jirani.

Dodoso moja lilimfikia muuguzi mstaafu. Swali la kwanza lilisema: Je, umewahi kuhudhuria mhadhara wa wazi wa chuo? Aliandika: Kila Alhamisi. Swali la pili liliuliza ni nini kinachomvutia. Aliandika: Mzungumzaji. Maswali mengine sitini na mawili aliyaacha.

Profesa wa mawasiliano aliligeuza dodoso lile mara tatu. Mihadhara ilikuwa Jumatano. Alhamisi alifunga safari mwenyewe, akafuata anwani, akakuta watu hamsini na wawili wamekaa kwenye mabenchi, ngazi na ndoo zilizopinduliwa, na mbele yao yule fundi wa sauti ambaye alikuwa amempachika yeye kipaza sauti kifuani mara nyingi bila wawili hao kuwahi kuzungumza zaidi ya salamu. Siku hiyo ilikuwa zamu ya udongo. Profesa alicheka mpaka akavua miwani. Alirudi Alhamisi tatu zaidi, akiwa na kinasa sauti kwenye mkoba.

Mwezi uliofuata alimfuata Moja-Mbili kwenye chumba chake cha mitambo, akakaa juu ya kasha la nyaya.

"Ndugu yangu, nimelinganisha," alisema. "Nimesikiliza mihadhara yenyewe, nikasikiliza na yako. Katika minne, mitatu ina mambo ambayo wenyewe hawakuyasema."

Moja-Mbili alivua hedifoni ambazo hata hazikuwa zimewashwa. "Mambo gani, mama?"

"Madogo madogo. Lakini niliambiwa pia habari za matofali, nikaenda kuchukua rekodi ya profesa wa mifupa. Alizungumza juu ya makaburi ya kale, na jinsi ya kujua umri wa mtu kwa kutazama meno yake. Shingo hakuigusa. Cherehani ndiyo kabisa."

"Nilimsikia."

"Ulimsikia wapi?"

Hapo ndipo alipokumbuka. Siku ile waya wa spika ya kushoto ulikuwa umeungua, na yeye alikaa nusu saa chini ya jukwaa, tochi mdomoni, akitafuta ulipokatikia. Alisikia mwanzo, akasikia mwisho. Ya katikati aliyajaza mwenyewe, labda kutokana na mifupa, labda kutokana na kumtazama mkewe akijikanda shingo kila jioni kwa miaka minane. Na hakujua kwamba ameyajaza. Hilo ndilo lililomtoa jasho.

"Sijaja kukulaumu," alisema profesa. "Ule ni ushauri mzuri. Shida ni kwamba hakuna aliyeutoa."

Moja-Mbili alirudi nyumbani amenywea. Alimwambia mkewe kwamba Alhamisi zimekwisha, kwamba amekuwa akiwalisha watu uongo kwa jina la wasomi. Mkewe alikuwa anapachika zipu, na zipu haipendi haraka. Alimaliza kwanza.

"Shingo yangu imepona au haijapona?"

"Imepona."

"Basi nenda kamshukuru huyo profesa wa mifupa kwa kutosema. Nipe hiyo pini."

Ripoti ya utafiti ilisomwa kwenye baraza la chuo. Wengine walitaka fundi aitwe ajieleze. Wengine, na hao ndio walioshinda, waliona hapa pana fursa, na chuo kikishaona fursa hakiiachi mpaka kiiue. Msajili alimwita ofisini, akamkalisha kwenye kiti cha wageni.

"Chuo kimetambua mchango wako," alisema Msajili. "Tumeamua utoe mhadhara."

"Nifunge mitambo ya nani, mzee?"

"Hujanielewa. Utoe wewe. Uwaeleze maprofesa siri yako."

Moja-Mbili alisema hana siri. Msajili alisema unyenyekevu huo uingie kwenye utangulizi.

Walimpa maprofesa watatu wa kumsaidia kuandika. Yeye alileta kurasa nne za daftari, kwa mwandiko wa kidato cha pili. Walizisifu, kisha wakaanza kazi. Kibaraza kikawa "jukwaa shirikishi lisilo rasmi". Ndoo zilizopinduliwa zikawa "miundombinu ya asili". Mkewe akawa "mdau wa awali". Habari ya malkia wa mchwa na mumewe ilikatwa kwa kalamu nyekundu, pembeni imeandikwa: haina rejea. Matofali yaliondolewa kwa sababu za kisheria. Mwisho wa wiki ya tatu alikabidhiwa kurasa ishirini na mbili zilizochapwa vizuri, na alipozisoma nyumbani alitafuta sentensi yake hata moja, akaikuta ukurasa wa kumi na tisa, imevunjwa mguu.

Kichwa cha mhadhara kilikuwa kirefu kuliko kitambaa cha langoni, ikabidi washone vitambaa viwili. Mkewe ndiye aliyevishona.

Jumatano yenyewe ukumbi ulifurika. Mtaa mzima ulikuja. Fundi viatu alifunga kazi saa sita. Muuguzi mstaafu alikaa mstari wa pili na kutazama mstari wa mbele kama wodi isiyofagiliwa. Mke wa Moja-Mbili alivaa gauni jipya la samawati, na hilo peke yake lilikuwa jambo, kwa maana fundi cherehani hujishonea mwisho.

Saa kumi ilipofika Msajili alimkaribisha, naye akapanda ngazi tatu. Akagundua kwamba hakuna aliyejaribu kipaza sauti, kwa sababu mjaribu ndiye mzungumzaji. Akapuliza. "Moja, mbili," alisema. "Moja, mbili."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi, watu wakasimama. Hakuna sehemu nyingine ya mhadhara iliyoifikia hiyo.

Alianza kusoma. Kuwatambua waheshimiwa waliohudhuria kulichukua dakika kumi na moja. Ukurasa wa sita spika zilianza kupiga mluzi, akaomba radhi, akashuka, akaingia chumbani kwake, akageuza kitufe alichokijua, akapanda tena. Hakukumbuka alikoishia, akausoma ukurasa wa sita upya, na hakuna aliyegundua, hata waliouandika. Sasa kutoka pale juu aliona kitu ambacho dirisha lake la kioo halikuwahi kumwonyesha, kwa kuwa lilitazama migongo ya watu. Aliona nyuso. Fundi viatu alikuwa anachapa usingizi mdomo wazi. Yule mama wa gauni la kipaimara alikuwa anahesabu taa za darini. Muuguzi alikuwa amevua miwani, ambayo kwake ilikuwa sawa na kuzima taa. Na mkewe alikuwa anamtazama kwa huruma, tena huruma ya upole, na hiyo ilimuuma kuliko usingizi wa fundi viatu.

Ukurasa wa kumi na nne aliwaza kuzitupa karatasi. Wazo lilikuja wazi kabisa: aziweke chini, aseme tu, "Jamani, ilikuwa hivi." Mkono ulifika hata pembeni ya karatasi. Lakini mbele yake walikaa wale maprofesa watatu wakifuatilia kwa vidole kwenye nakala zao, Makamu Mkuu alikuwa anatikisa kichwa kwa kukubali, na yeye alikuwa mtu aliyeishi miaka kumi na tisa kwa kuhakikisha hakuna kitu kinachokatika katikati. Akapiga moyo konde, akafungua ukurasa wa kumi na tano, akasoma mpaka mwisho.

Mstari wa mbele ulipiga makofi marefu. Profesa wa udongo alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Hongera sana," alimwambia. "Sasa umekuwa mwenzetu."

Moja-Mbili alijua kwamba mzee yule alikuwa anampa zawadi ya dhati, naye akamshukuru.

Alhamisi watu walikuja kama kawaida. Yeye alibaki ndani, akikunja vitambaa ambavyo vilikuwa vimekunjwa. Alisikia fundi viatu akiuliza, "Shemeji, hebu tuambie, jana mzee alisema nini? Mimi kidogo nilipitiwa." Alisikia cherehani ikinyamaza.

"Alisema hivi," mkewe alijibu. "Alisema mtu akisikia jambo zuri asilifungie kabatini kama suruali ya harusi. Alisema wenye elimu wasiogope kuja kukaa kwenye benchi, benchi haling'ati. Na alisema ukimsimulia mtu, mtazame usoni. Akiangalia pembeni, ruka hapo."

"Alisema vizuri," alisema muuguzi, baada ya kufikiri kidogo. "Sijui kwa nini mimi nilisikia kitu kingine."

Hakuna hata neno moja la hayo lililokuwemo katika kurasa ishirini na mbili. Moja-Mbili alikaa kwenye marobota na kucheka kimya kimya, mpaka akapaliwa na vumbi la pamba.

Chuo hakikumsahau. Miezi miwili baadaye alipewa cheo: Msaidizi wa Mratibu wa Uhusiano wa Chuo na Jamii. Alipewa ofisi ghorofa ya pili, kiti cha kuzunguka, na kompyuta iliyosubiri nywila kutoka jengo jingine. Kazi yake ilikuwa kuhudhuria vikao vya kupanga namna ya kuufikia umma, na vikao vilipangwa Jumatano, saa kumi alasiri, kwa kuwa huo ndio muda ambao wajumbe wote waligundulika kuwa hawana kazi. Kwenye chumba cha mitambo aliwekwa fundi mwingine, mwenye cheti. Moja-Mbili alimwomba Msajili amrudishe kule chini, akaambiwa kwamba hakuna fomu ya kushuka. Zilizopo zote ni za kupanda.

Basi mkewe akaanza kwenda yeye. Jumatano saa tisa na nusu alifunga chumba, akabandika karatasi mlangoni, akaenda kukaa mstari wa tatu na kipande cha kushona mapajani, akapachika vifungo huku akisikiliza. Alhamisi alisimulia. Wapo waliosema ana chumvi kuliko mumewe. Siku ya mhadhara wa nyota aliwaambia kwamba mwanga mwingine tunaouona ulitoka huko zamani sana, kabla bibi zetu hawajazaliwa, na kwamba kwa hiyo mteja akiletewa gauni lake limechelewa wiki mbili asipige kelele. Moja-Mbili, aliyekuwa amekaa benchi la nyuma, aliamini sehemu ya kwanza.

Aliyavumilia maisha hayo mwaka mmoja kasoro wiki. Jumatano moja, kikaoni, mwenyekiti aliposoma ajenda ya tatu, "Changamoto za kuufikia umma, mwendelezo", alichukua koti lake lililotundikwa kwenye kiti. Mwenyekiti alidhani anakwenda haja. Alishuka ngazi, akavuka ua, akakuta mlangoni mwa Ukumbi Mkubwa karani mpya, binti wa watu mwenye kalamu mbili, akiandikisha wanaoingia. Tangu ile ripoti, chuo kilitaka kila anayeingia aandikwe kwenye safu yake.

"Shikamoo mzee. Mhadhiri, mfanyakazi, au umma?"

Ndani alikuwa anasikika mtu akigonga kipaza sauti kwa kidole, jambo ambalo halifai, huharibu kile kiwambo cha ndani. Moja-Mbili alikunja uso, akataka kusema kitu, akaacha.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Niandike umma."

Karani aliandika. Ilikuwa mada ya mizizi ya miti na mabomba ya maji. Mkewe alimwona akija, akaondoa kopo la vifungo kwenye kiti cha pembeni, naye akakaa.